Muulize Kwanza: Kuhudumiana kwa Mapendo Makanisani Kamina

Mgonjwa akilazwa Kamina, jamaa zake ndio wanaompikia, ndio wanaomfulia, ndio wanaolala chini kando ya kitanda chake. Dawa hununuliwa moja moja kwa karatasi ya daktari. Maji huchotwa, makaa hutoka nyumbani. Mwenye ukoo mjini hubebwa na ukoo wake. Lakini mji wetu ni njia panda ya reli: huyu ametoka Lubumbashi, yule Kananga, mwingine Kabalo, na wapo wanaoletwa kutoka vijiji vya Kabongo na Kaniama kwa kinga, baiskeli zile zile zinazobeba makaa na samaki wakavu. Hao hawana ukoo hapa. Wana kanisa tu. Kwa hiyo nikitaka kujua kama waumini wa mahali fulani wanapendana, siulizi kwaya yao ina sauti ngapi. Nauliza: dada yenu akilazwa usiku wa leo, nani atampelekea bukari, ugali wetu, kesho mchana, na nani atabaki na watoto wake?

Makanisa mengi yatajibu kwamba wote watakwenda, na hawasemi uongo. Siku ya kwanza chumba kinajaa, watu wanasimama hadi barazani, wanaimba, wanaomba, muuguzi anakosa pa kupita. Kesho yake wanakuja wachache. Wiki ikikatika, mgonjwa amebaki na binti yake mdogo aliyeacha masomo ili amchotee mama maji. Mapendo tunayo. Tunachokosa ni kumsikiliza yule tunayempenda. Tunampelekea kile kinachotufurahisha sisi kukitoa, kwa saa inayotufaa sisi, kisha tunarudi nyumbani tumeridhika. Huduma ya Kikristo huanza kwa mwenye shida mwenyewe. Yeye ndiye wa kusema nini kitangulie.

Basi nianze hapo hapo hospitalini. Kabla kundi halijaenda, atumwe mtu mmoja anayefahamika na mgonjwa, mwanamke kwa mwanamke, mwanaume kwa mwanaume, aulize kwa sauti ya chini: Daktari amekukataza chakula gani? Usiku unalala na nani? Watoto wako kwa nani? Dawa iliyoandikwa jana imepatikana? Mwenye shinikizo la damu hapelekewi sombe iliyojaa chumvi, na mwenye vidonda vya tumbo hapelekewi pilipili, hata ikiwa mpishi ndiye hodari kuliko wote. Majibu ya mgonjwa yaandikwe kwenye daftari, si kutangazwa madhabahuni. Jina la ugonjwa wake ni siri yake. Kuna watu wamekimbia hospitali, na kuna waliokimbia kanisa, kwa sababu siri ya kitandani ilifika kwenye maombi ya hadhara kabla wao wenyewe hawajaimeza.

Daftari hilo ligawe siku. Mmoja apike Jumatatu, mwingine Jumanne, mwingine alale zamu ya usiku ili ndugu wa mgonjwa apate kufumba macho. Kila mtu aandikwe kwa kile anachoweza. Mwenye kinga abebe maji na makaa. Kijana asiye na faranga mfukoni akae na watoto jioni, awasimamie masomo, awapeleke shule asubuhi. Mzee asiyeweza kutembea aombe, na aambiwe anaombea nini hasa. Waandaaji wa zamu wasiogope kuandika kazi ndogo ndogo: kumwaga ndoo, kufua shuka, kusimama foleni ya dawa. Hizo ndizo zinazoachwa, na hizo ndizo mgonjwa anaona haya kuziomba.

Kuna jambo la deni. Katika hospitali nyingi za Kongo, mgonjwa aliyepona bila kulipa haruhusiwi kuondoka. Wanaokwama sana ni wamama waliojifungua, zaidi wale waliopasuliwa: mtoto mchanga yuko mikononi, kidonda kinakauka, na mlango hauwafungukii. Ikiwa kanisa lenu linaweza kujenga mnara wa kengele, linaweza kutunza mfuko wa kuwatoa wamama hawa. Uwe mfuko mdogo, wenye watunzaji wasiopungua watatu, wenye hesabu inayosomwa kila mwezi. Pesa zilipwe moja kwa moja kwa mhasibu wa hospitali, risiti ichukuliwe, na mama akabidhiwe risiti yake. Wala msipige picha. Narudia neno hilo kwa sababu simu zimetuingiza katika tabia mbaya: mama amelala, kanga imelegea, na waumini wanajipanga kandokando yake wakitazama simu ili kikundi chote kione walivyo na huruma. Aliyelipiwa kwa namna hiyo amelipishwa mara ya pili, na safari hii amelipa kwa heshima yake.

Injili ya Yohana, sura ya 13, inaeleza Yesu alivyoondoka mezani usiku wake wa mwisho, akavua vazi la nje, akajifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu. Katika nchi ile ya vumbi na viatu vya wazi, kazi hiyo ilikuwa ya mdogo kuliko wote nyumbani. Tunaihubiri sana kila Alhamisi Kuu. Lakini ndani yake mna mambo mawili tunayoyapita haraka. La kwanza ni kwamba Yuda alikuwa bado hajatoka. Miguu yake iliguswa pamoja na ya wengine, ingawa aliyekuwa akiosha alijua saa chache mbele kutatokea nini. Anayesema, “Huyu hafai kusaidiwa, alinisema vibaya mwaka jana,” atafute mfano mwingine, kwa kuwa pale hataupata.

La pili ni Petro. Petro alikataa kuoshwa. Alidhani anamheshimu Bwana wake, naye akaambiwa waziwazi kwamba asipokubali hana sehemu pamoja naye. Nawaona akina Petro wengi katika mji wetu. Mchungaji anaugua wiki mbili na mke wake anawaambia wageni kwamba baba amesafiri. Shemasi, baba wa watoto sita, amekaa miezi bila mshahara, chakula kimekwisha ndani, lakini Jumapili anasimama mlangoni kugawa karatasi za nyimbo akitabasamu. Wote wawili ni hodari wa kutoa. Kupokea kunawashinda, kwa sababu anayepokea anaonekana kuwa chini. Matokeo yake ni kanisa ambamo waliosimama wanatoa daima na waliokaa wanapokea daima, na tofauti hiyo ikizoeleka haiitwi tena undugu. Kiongozi, ukiugua, sema. Mruhusu yule mama anayeuza karanga akuletee uji. Keti, unywe, useme asante. Umemfanyia huduma kubwa kuliko mahubiri ya mwezi mzima, maana umemwonyesha kwamba mikono yake pia inahitajika.

Nchi hii ya Waluba ina mtu aliyejifunza jambo hilo kwa shida. Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 na kutumwa kati ya Waluba wa Katanga. Kwa miaka kama kumi, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alifanya kazi kama bwana mwenye majibu tayari. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na maisha yao. Ndipo akaacha kuhubiri kwanza na kuanza kuuliza: mnataka nini zaidi ya vyote? Mnaogopa nini? Alichosikia kilikuwa kiu ya uzima, ya uzazi, ya umoja wa watu wanaopendana. Mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilichapishwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Katika miaka ya 1950, kule Ruwe karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, kukazaliwa harakati ya Jamaa, ambamo padre alikaa kama ndugu kati ya ndugu na neno mapendo likawa ndilo kiini.

Simsifu kwa kila kitu. Wanafalsafa wa Kiafrika wamekikosoa kitabu chake, na wana sababu. Na baadhi ya vikundi vya Jamaa vilijifungia na kupotoka hata maaskofu wakalazimika kuingilia kati. Ninachokishika ni lile geuko: aliyekuja kutoa aliketi akapewa. Jaribu wewe pia. Nenda kwenye lupangu, ua wa nyumba, la muumini mwenzako unayemwita maskini. Usibebe unga, usibebe sabuni. Keti kwenye kiti utakachopewa, hata kama kimevunjika mguu, umuulize habari za maisha yake, na usikilize hadi mwisho. Utagundua kwamba yule mliyekuwa mkimpelekea nguo kuukuu kila Krismasi ni fundi wa kushona, na mashine yake imeharibika kwa kukosa kipuri kimoja.

Sasa tuje kwenye kilio, maana hapo ndipo Kamina hutoa vingi na kukosea kwingi. Mtu akifa, viti vinakopwa, turubai linafungwa, ngoma na nyimbo zinakesha, watu wanakuja kutoka Bukama hadi Mwene-Ditu. Sipingi hayo. Kufiwa peke yako ni mzigo usiobebeka, na mkusanyiko wetu ni tiba ambayo wengi duniani wameipoteza. Lakini tazama nani anafanya nini. Wanaume wamekaa viti vya mbele wakizungumza. Wamama wako nyuma ya nyumba tangu alfajiri, machoni moshi, mgongoni mtoto, wakisonga bukari ya watu mia. Usiku wa tatu wale wale wangali wamesimama. Kisha mchungaji anasimama kuhubiri unyenyekevu.

Baba, kijana, mzee wa kanisa: kilio kijacho, ondoka kwenye kiti. Kata kuni, chota maji, osha sufuria. Hakuna mila ya Kiluba wala andiko la Biblia litakalovunjika kwa mwanaume kubeba ndoo. Wakicheka, wacheke, mwezi mmoja tu, nao watabeba. Mashemasi wapange zamu za jikoni kama wanavyopanga zamu za kuhubiri, na waandike majina ya wanaume humo. Chakula kiwe cha kawaida. Familia ya marehemu isiachwe na deni la ng'ombe kwa sababu wageni walitaka kuheshimiwa. Tena mchango wa rambirambi ufike mikononi mwa mjane au mfiwa wa karibu, ukiwa umehesabiwa mbele ya mashahidi, kabla wajomba hawajaanza kugawana.

Na baada ya matanga je? Watu wanaondoka, turubai linafunguliwa, nyumba inanyamaza. Hapo ndipo kazi ya waumini inapoanza, na hapo ndipo mara nyingi inapokoma. Wiki ya pili mjane hulia kuliko wiki ya kwanza. Mwezi wa pili ada ya shule inadaiwa. Mwezi wa tatu shemeji anakuja na maneno ya upole: nyumba hii ni ya ukoo, mama, wewe bado kijana, rudi kwenu. Nawasihi waumini wajue sheria ya nchi yao juu ya jambo hili. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wote, na inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi. Mjane hatolewi nyumbani kwake kama mgeni aliyekawia.

Kumtetea hakuhitaji makelele. Wazee wawili wanaoheshimika, mmoja wa kanisa na mmoja wa mtaa, waende kwa ukoo wa marehemu mapema, wasalimie, wakae, waseme kwamba kanisa linamtambua huyu mama na watoto hawa, na kwamba wangependa kuwapo mali itakapozungumzwa. Mara nyingi kuwapo tu kunatosha. Mwingine amsaidie kuhifadhi karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya kiwanja. Wengi hawana cheti cha ndoa ya kiserikali, kwa hiyo usharika wenye busara huwahimiza wanandoa wakaandikishe ndoa zao wakiwa wote wazima. Hiyo nayo ni huduma ya mapendo, ingawa haina wimbo. Jambo likishindikana, mjane asindikizwe mahakamani, asiachwe aende peke yake na mtoto mgongoni. Mtume Yakobo anapoeleza dini iliyo safi, jambo la kwanza analotaja ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Hakutaja wingi wa mikesha.

Kuna wakati mji huu uliwahi kupimwa kwa kipimo kikubwa zaidi. Katika vita ya 1998 hadi 2003 Kamina ilibaki upande wa serikali, na watu waliokimbia mapigano ya upande wa Kabalo, Manono na Malemba-Nkulu wakaja hapa, wengine kwa miguu, wengi bila kitu. Askofu Nkulu Ntanda Ntambo, aliyechaguliwa mwaka 1996 kuwaongoza Wamethodisti wa Katanga ya Kaskazini, aliifanya shida yao kuwa kazi ya kanisa zima: chakula, yatima, mashamba, shule. Mwaka 2004 alisimamia mazungumzo ya amani yaliyomhusisha kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai aliyejulikana kwa jina la kutisha la Chinja Chinja. Mtheolojia Pamela Couture ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2016, kuonyesha kwamba watu wa eneo hili hawakuwa wahanga wa kuhurumiwa tu, bali walijenga amani kwa mikono yao.

Jina la askofu limebaki, na linastahili. Lakini askofu hapiki bukari ya mji mzima. Nyuma yake walikuwapo wachungaji, wamama wa Kipendano, chama cha wanawake wa kanisa, na familia zilizofungua malango ya lupangu zao bila kuwa na akiba ya juma moja. Kwa kuwa jimbo letu halijaacha kuona wakimbizi wa ndani, na magonjwa kama kipindupindu cha maziwa ya Upemba hayajaacha kuwahamisha watu, yafaa kusema jinsi ya kumpokea mgeni vizuri.

Mwenye nyumba asiachwe peke yake. Kanisa likiiomba familia imkaribishe mtu, kanisa hilo hilo liongeze unga, chumvi na mafuta ndani ya nyumba hiyo, bila kungoja kuombwa. Mgeni apewe kazi tangu siku ya kwanza, kwa sababu asiye na la kufanya hujiona mzigo hata akisitiriwa vipi. Apewe tuta la kulima kabla mvua za Oktoba hazijafika, au ajiunge na likelemba ya wanawake, kuchangiana pesa kwa zamu, ili apate mtaji wa kuanzia. Tangu mwanzo yasemwe mambo ya choo, ya maji, ya mpangilio wa kulala, hasa kwa wasichana. Nyumba iliyojaa watu wasiojuana ina hatari zake, na mapendo yasiyolinda watoto ni mapendo ya mdomo. Tena asilazimishwe kuja kwenye ibada yenu. Akiwa Mkatoliki, aonyeshwe parokia. Akiwa wa Kipentekoste, aonyeshwe ndugu zake. Chakula chenye sharti la kadi ya ubatizo hakifai kuitwa sadaka.

Na asiulizwe kabila kwanza. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakingoja treni za kuwarudisha Kasai, na njia hiyo ya reli inapita hapa Kamina. Waliofukuza walikuwamo Wakristo, waliofukuzwa walikuwamo Wakristo. Kila usharika ujikague: orodha yetu ya misaada ina majina ya lugha moja tu? Ikiwa ndivyo, tumesaidia ukoo tukauita kanisa.

Kanisa la kwanza lilipatwa na doa hilo hilo mapema sana. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inasema wajane wa waumini wenye lugha ya Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakatokea. Mitume wangeweza kuyaita fitina. Badala yake wakaita mkutano, watu saba wakachaguliwa wasimamie mgawo. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Majina peke yake hayathibitishi, lakini yaelekea mgawo uliwekwa mikononi mwa upande ule uliolalamika. Sijui mpango bora zaidi wa kamati ya huduma. Ikiwa wajane wanalalamika, wajane wawe ndani ya kamati. Ikiwa ni vijana wasio na kazi, au walemavu, au watu wa mtaa wa mbali na kanisa, waingie humo, washike daftari, waone fedha. Kiongozi anayeogopa hilo ajiulize anachoficha ni nini.

Pia tusimnyime mtu kazi kwa ajili ya alivyokuwa zamani. William Burton na James Salter walipoanza misheni ya Kipentekoste ya Mwanza, katika nchi hii ya Waluba, mwaka 1915, injili yao haikuenezwa na Wazungu peke yao. Watu waliokuwa wamepelekwa utumwani Angola walirudi wakiwa Wakristo. Mmoja wao, Shalumbo, alikuwa zamani mshambulizi na mwindaji wa watumwa; huyo ndiye aliyekuja kuwa mhubiri mkubwa kati ya Wasongye, watu ambao wengine wao walikuwa na kila sababu ya kulichukia jina lake. Burton aliandika habari zake katika kitabu mwaka 1929. Ndugu aliyetoka gerezani, dada aliyezaa nje ya ndoa, kijana aliyekuwa na wapiganaji porini: wamtumikie Mungu pamoja nasi, kwa usimamizi wa busara, wasiwekwe benchi la nyuma maisha yao yote.

Nina neno gumu kidogo kwa viongozi. Kiti cha mbele chenye kitambaa, soda baridi wakati waumini wanakunywa maji ya ndoo, kijana wa kubeba Biblia, mwingine wa kushika mwavuli: kimoja kimoja ni heshima, nayo heshima ni adabu yetu. Vyote pamoja, kila juma, vinamfundisha kiongozi kwamba yeye ndiye wa kuhudumiwa. Vipunguzeni wenyewe, kabla ya watu kuwaombeni. Beba Biblia yako. Siku ya kufagia uwanja, fagia. Na wasichana wanaotumwa kupika, kufua na kulea nyumbani kwa mchungaji kwa jina la kumtumikia Mungu, warudishwe shuleni. Akihitajika mfanyakazi wa nyumbani, aajiriwe na alipwe.

Kwa maana unyenyekevu hauwi ruhusa ya kunyonywa. Katika kila usharika yuko mama mmoja asiyejua kukataa. Kila kilio yupo, kila harusi yupo, kila mgeni wa jimbo analala kwake, na mgongo wake umekwisha. Tunamwita mtumishi mwaminifu, kisha tunamwongezea. Yesu mwenyewe alikuwa akiondoka kwenye umati akaenda mahali pa faragha, watu wangali wanamtafuta. Mama, una haki ya kusema, “Wiki hii siwezi.” Nanyi mnaopanga zamu, mpumzisheni kabla hajaanguka, maana akianguka hakuna aliyezoea kumuuguza.

Mchungaji unayesoma maneno haya, Jumapili hii, kabla ya kutangaza mchango wa mabati, waombe wajane wa usharika wako wabaki baada ya ibada. Keti nao chini ya mwembe, bila meza kati yenu, uwaulize mmoja mmoja ni jambo gani lingewapunguzia mzigo mwezi huu. Andika wanachosema. Nawe muumini usiye na cheo, usingoje mchungaji: jirani yako wa benchi unamfahamu. Muulize leo. Na akikutajia jambo ambalo hukulitazamia, lifanye hilo, uache lile ulilokuwa umeandaa.